Neno "average" na shehena iliyotoswa baharini (uzi mrefu kidogo)

Mwana wa Ngalawa:

Wakuu salaam, poleni na majukumu.

Tukisema neno la ajabu la Kiingereza, wengi tunafikiria yale marefu yanayovunja ulimi. Mimi leo naleta neno ambalo mtoto wa shule ya msingi analijua. Limo kwenye ripoti ya shule, kwenye takwimu za kriketi na kwenye taarifa za mvua, na bado limewatoa jasho wasomi wa Kiingereza kuliko mengi: "average". Sisi tunasema wastani, tumemaliza. Wao wana kisa kinachoanzia bandarini.

Neno hili linaingia kwenye maandishi ya Kiingereza mwishoni mwa karne ya 15. Wakati huo halikuwa na lolote la kujumlisha na kugawanya. Lilikuwa neno la watu wa meli na forodha, na lilitaja gharama au hasara iliyoupata mzigo ukiwa safarini, mbali na nauli. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa waliosema "avarie", na Wafaransa walilipata kwa Waitalia, "avaria". Kwenye nyaraka za Genoa, mji wa bandari wa Italia, limo tangu karne ya 12. Wahispania wana "avería", Wareno "avaria", Waholanzi "averij", Wajerumani "Havarie". Yaani kila taifa lililokuwa na meli za maana lilijichukulia lake. Ule mkia wa "-age" ni Waingereza waliopachika, kwa kufuata "damage" na jamaa zake waliokuwa wameshazoeleka.

Sasa Genoa walilipata wapi? Kamusi nyingi za leo zinajibu kwamba ni kwa Waarabu. *Awar*, inayoanza kwa herufi ain, ni kasoro au uharibifu, na *awariya* ni bidhaa zilizoingia uharibifu. Genoa ya karne hiyo ilikuwa inafanya biashara Aleksandria, Tunis, Ceuta na bandari nyingine za Waislamu, kwa hiyo wafanyabiashara wake walikuwa wanasikia Kiarabu cha ghalani na gatini kila msimu.

Ndugu zangu Waislamu mzizi huu mnaujua bila kujijua. Ain, waw, ra. Mkiambiwa msitiri *aura*, ndio huo huo: sehemu iliyo wazi, isiyotakiwa kuonekana. Dajali kwenye hadithi anaitwa *aawar*, mwenye chongo, maana jicho lake lina ila. Na kwenye hukumu za zaka za mifugo, Abubakar aliandika kwamba mnyama mkongwe asitolewe, wala mwenye *awar*. Mnyama mwenye kasoro. Kutoka mbuzi mwenye kasoro hadi marobota yaliyoingia maji ya chumvi ni hatua fupi.

Lakini kinachonivutia zaidi ni hiki: uharibifu uligeukaje kuwa hesabu?

Jibu liko kwenye sheria ya bahari ambayo ni kongwe kuliko neno lenyewe. Warumi waliiita sheria ya Rodi, kile kisiwa cha Wayunani, na imo kwenye mkusanyiko wa sheria wa mfalme Justinian wa mwaka 533. Inasema mzigo ukitoswa ili chombo kiwe chepesi na kiokoke, basi kilichotolewa kwa ajili ya wote kitalipwa na wote.

Chukueni mfano wa kutunga. Chombo kina thamani ya 600. Ndani kuna mzigo wa Ali wa 200, wa Bakari wa 100 na wa Chausiku wa 100. Jumla 1,000. Dhoruba inapiga, nahodha anaamuru mzigo wa Chausiku utoswe kwa kuwa ndio uliokuwa juu. Chombo kinafika salama. Hasara ni 100 kati ya 1,000, yaani asilimia 10, na kila aliyeokoka anachangia asilimia 10 ya chake: mwenye chombo 60, Ali 20, Bakari 10. Chausiku anapokea 90, na ile 10 iliyobaki anaibeba mwenyewe kama wenzake. Hakuna aliyefilisika.

Watu wengi wanaoeleza neno hili mtandaoni husema hasara iligawanywa sawasawa. Si hivyo. Ali alitoa 20 na Bakari 10. Kilicho sawa ni kiwango, ile 10 kwa kila 100. Neno lilianza kwa kutaja kitu kilichoharibika, likataja gharama ya kuharibika, halafu fungu la kila mmoja katika gharama hiyo, mwisho likawa jina la tendo lenyewe la kuchukua vitu visivyolingana na kuvitafutia kiwango kimoja. Kufikia karne ya 18 mtu angeweza kulitumia kwa bei ya ngano au joto la mwezi bila kuwa na meli kichwani.

Naishia hapa kwa sasa. Wenye nyongeza karibuni.

---

Kiroboto Msomi:

Mkuu, uzi mzuri, ila hizi habari za kila kitu kimetoka kwa Waarabu tumezichoka. Kuna maelezo mengine kwamba ni kutoka Kilatini *habere*, kumiliki, ambalo kwa Kiitaliano ni *avere*, yaani mali. Mali iliyo melini. Tena Uingereza ya kale kulikuwa na "average" nyingine ya wakulima na mabwana zao, haihusiani na bahari kabisa. Hilo umelikwepa?

---

Mwana wa Ngalawa:

Sijalikwepa, nilikuwa nakusubiri.

Hiyo ya wakulima ipo kweli. Enzi za mamwinyi wa Uingereza, mkulima alilazimika kumbebea bwana wake mizigo kwa mnyama wake mwenyewe, na kazi hiyo iliandikwa kwa Kilatini cha mahakama kama *averagium*. Waandishi wa kamusi wa zamani waliyachanganya maneno haya mawili kwa sababu yanafanana sura. Ni majina yaliyogongana tu, kama sisi tulivyo na *kaa* la moto na *kaa* wa baharini. La mkulima lilishakufa zamani.

Hoja ya *avere* ina uzito zaidi, na karne ya 19 wasomi walibishana nayo sana. Nguvu yake ni kwamba neno la bandarini halikumaanisha uharibifu peke yake, lilimaanisha pia tozo. Kule Seville, Hispania, "avería" ilikuwa ada waliyokatwa wafanyabiashara ili kulipia manowari za kusindikiza meli zinazokwenda na kurudi Amerika. Hapo hakuna kilichoharibika. Lakini udhaifu wake naona ni mkubwa: kutoka "mali" hadi "hasara ya mali" unahitaji kuruka mtaro mpana, wakati kutoka Kiarabu maana unaikuta tayari imekaa. Kutoka hasara kwenda tozo ya kujikinga na hasara ni njia rahisi. Kurudi nyuma, kutoka tozo kwenda kuoza kwa mzigo, ni ngumu. Ndiyo maana mimi niko upande wa Kiarabu, na kamusi nyingi za sasa pia. Wewe baki na *avere* yako, hatutagombana.

---

Mama Klaringi:

Nyie mnabishana asili, sisi wenzenu neno hili linatutoa hela hadi leo.

Nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Mteja wangu alikuwa na kontena la vipuri likitoka Asia. Njiani ule mzigo wa watu wengine ukashika moto, meli ikamwagiwa maji, ikavutwa hadi bandari ya karibu. Kontena letu halikuguswa hata rangi. Mwezi unaofuata inakuja barua: mwenye meli ametangaza "general average", yaani gharama za kuiokoa meli zigawanywe kwa wote waliokuwa na mali ndani. Mteja ananipigia, "Dada, wastani wa nini tena, mimi nadaiwa wastani?" Nikamwambia kaka yangu, huo si wastani wa shuleni, huo ni mchango wa msiba.

Mzigo hautolewi hadi usaini hati ya kukubali kuchangia, na juu yake bima yako isaini dhamana. Kama huna bima, unaweka fedha taslimu, asilimia fulani ya thamani ya mzigo, na hesabu kamili inaweza kuja baada ya miaka. Mteja hakuwa na bima. Alilia.

Kwa faida ya wanaoagiza: bima za mzigo wa baharini zina daraja A, B na C. C ndiyo ya bei ya chini na inaacha mambo mengi nje, lakini hata hiyo C inabeba mchango huu. Watu wanakwepa kulipa pesa kidogo halafu wanakuja kuniita mimi mwizi.

---

Mwana wa Ngalawa:

Asante sana dada, "mchango wa msiba" nimeipenda.

Hiki alichosema ndicho kilichotokea kwa ile meli ya Ever Given iliyoziba Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021. Meli ya mita 400, kontena takriban 18,300. Ilinasuliwa tarehe 29 Machi, na siku chache baadaye wenye meli, kampuni ya Kijapani Shoei Kisen, wakatangaza "general average". Mwenye kontena la viatu na mwenye kontena la runinga wote wakawa wachangiaji wa gharama za kuikwamua. Meli yenyewe Misri iliizuia hadi tarehe 7 Julai kwa madai ya fidia, kwa hiyo watu walikuwa wanadaiwa mchango wa mzigo ambao hawajauona.

Kanuni zinazotumika zinaitwa za York na Antwerp, kwa miji ambayo wafanyabiashara na wanasheria walikutana kuzisawazisha, York mwaka 1864 na Antwerp mwaka 1877. Zimerekebishwa mara kadhaa, mara ya mwisho 2016. Sharti lake kubwa ni kwamba dhabihu au gharama iwe ya makusudi, ya busara, na ya kuokoa wote kutoka hatari ya kweli. Wimbi likija lenyewe likabeba kontena lako, hiyo ni hasara yako peke yako. Nahodha akilitosa kusudi ili meli ipone, hapo ndipo wenzako wanachangia. Wataalamu wa kupiga hesabu hizo London mpaka leo wanaitwa "average adjusters". Ukimwambia mtu wa kawaida cheo hicho atadhani ni mrekebishaji wa maksi.

---

Mzee wa Kanisa la Mtaa:

Habari hii inanikumbusha Yona 1:5, mabaharia walipoogopa wakatupa shehena baharini kuipunguzia merikebu uzito. Na Matendo 27, merikebu ya Aleksandria aliyopanda Paulo: siku ya pili ya tufani wakaanza kutupa shehena, na mwishowe wakatupa ngano yenyewe. Walikuwa watu 276 na wote waliokoka. Swali langu ndugu mwandishi: mwenye ngano alilipwa na nani?

---

Mwana wa Ngalawa:

Mzee shikamoo. Swali zuri kuliko yote humu.

Kwa sheria ile ya Rodi, pengine hakulipwa na yeyote. Mchango unatokana na kilichookoka, na meli ya Paulo ilikwama ikavunjika tezi kwa mawimbi. Hapakubaki chombo wala mzigo wa kutozwa. Watu waliopona hawahesabiwi: wanasheria wa Kirumi walisema wazi kwamba mtu huru hana bei. Abiria angeweza kuchangia kwa ajili ya pete yake au vito vyake, si kwa ajili ya roho yake.

---

Mzaramo wa Moscow:

Niliyesoma Urusi nimecheka peke yangu. Kule "avariya" ni ajali! Ajali ya gari ni avariya, bomba likipasuka mtaani ni avariya, hata ule mlipuko wa kinu cha Chernobyl mwaka 1986 wanauita avariya. Miaka yote ile sikuwahi kuhisi kwamba ni ndugu yake "average".

---

Bandari Kavu:

Na kwa jirani zetu Msumbiji, gari likizima njiani dereva anasema kuna "avaria". Ukitaka fundi, hilo ndilo neno la kutaja. Kumbe Wareno hawakuliacha kwenye mizigo, wamelileta hadi kwenye injini.

---

Mtoto wa Kamalondo:

Bandugu, mi niko Lubumbashi. Hilo neno huku tunalisikia kila mara, ila kwa sura ya Kifaransa: *avarié*. Wakaguzi wakikamata samaki wa friza walioharibika ao unga ulioingia maji, redio itasema "produits avariés", na bamama ba ku soko nabo banasema ile samaki iko avarié. Kwa hiyo mzee, kama asili ni Kiarabu cha bidhaa iliyoharibika, basi huku kwetu bado liko pale pale lilipoanzia.

---

Mwana wa Ngalawa:

Ndugu wa Lubumbashi, umeufunga mdomo wa Kiroboto Msomi kuliko nilivyoweza mimi. Tazameni ilivyokaa: Warusi wana ajali, Wareno wana hitilafu, Wafaransa wana chakula kilichooza, Wajerumani wana meli iliyopata ajali. Wote hao wamebaki kwenye uharibifu. Mwingereza peke yake ndiye aliyeondoka nalo kwenda kwenye hesabu. Ukimwambia Mfaransa "avarie" akupe wastani, hatakuelewa, yeye anasema *moyenne*.

---

Kiroboto Msomi:

Sijafungwa mdomo, nimenyamaza kwa heshima. Ila hoja ya samaki nimeikubali nusu.

---

Fundi Bima:

Kuna sehemu nyingine neno hili limejificha na linaumiza watu wa nchi kavu. Kwenye mkataba wa bima ya moto kuna kifungu kinaitwa "average". Duka lako lina bidhaa za milioni 40, ukaamua kukatia bima milioni 20 ili ulipe ada kidogo. Moto ukateketeza bidhaa za milioni 10. Unadhani utalipwa 10, kwa sababu umekata bima ya 20? Unalipwa 5. Wanasema nusu ya mali uliibeba mwenyewe, kwa hiyo na nusu ya hasara ni yako. Nimeona mfanyabiashara akitaka kupiga mtu ofisini kwa ajili ya kifungu hiki. Hakikufichwa, kilikuwa ukurasa wa tatu, ila nani anasoma.

Baada ya uzi huu naelewa kwa nini kinaitwa hivyo. Ni ile hesabu ya Chausiku, ila wachangiaji ni wawili tu, wewe na kampuni.

---

Mwana wa Ngalawa:

Hasa. Na ndiyo maana ya kisheria inayokaribia zaidi ile ya jahazini: kila mmoja anabeba kwa kiwango cha alichoweka.

---

Asha wa Kibokoni:

Mwandishi, nikuulize tofauti kidogo. Yako maneno mengine ya hivi, Kiarabu kilichopita Italia kikaingia Kiingereza, halafu sisi Waswahili tuna ndugu yake nyumbani?

---

Mwana wa Ngalawa:

Yapo dada, nitaje mawili ya haraka maana kila moja linataka uzi wake. "Magazine" ni Kiarabu *makhazin*, maghala. Lilipita Italia na Ufaransa, Waingereza wakaliita ghala la baruti, kisha mwaka 1731 Edward Cave wa London akaanzisha jarida akaliita hivyo, ghala la habari, na majarida yote yakarithi. Mzizi ule ule kwetu umezaa *hazina* na *mhazini*. La pili ni "tariff", ushuru wa forodha, kutoka Kiarabu *taarif*, kujulisha. Kwetu ndilo *taarifa*. Kwa hiyo mtangazaji akisoma taarifa ya habari kuhusu "tariff" za Marekani, analitamka neno moja mara mbili.

---

Ticha wa Namba:

Nafundisha hisabati sekondari. Mbona kwenye vitabu vyetu vya takwimu neno rasmi ni "mean", na "average" inatajwa kama kwa kuonea aibu? Nani alilileta darasani?

---

Mwana wa Ngalawa:

Mwalimu, aibu hiyo ina historia. Wanahisabati hawakulihitaji, walikuwa na lao. "Mean" limetoka Kilatini kupitia Kifaransa, lina maana ya katikati, na wanajimu walilitumia walipokuwa na vipimo vingi vya nyota moja visivyolingana. Mwaka 1755 Thomas Simpson aliandika kutetea faida ya kuchukua jibu la katikati la vipimo vingi badala ya kutegemea kipimo kimoja kizuri, na neno lake ni "mean".

"Average" lilipanda kutoka sokoni. Wafanyabiashara walikuwa na bei ya ngano ya miaka tofauti na mishahara ya miji tofauti, na walishazoea kusambaza namba kwa kiwango kimoja kwa ajili ya meli. Adam Smith kwenye kitabu chake cha uchumi cha 1776 anasema "at an average" tena na tena, kwa bei za nafaka na malipo ya vibarua. Angalieni hiyo "at an": bado ni jina la kitu unachokifikia, kama mtu anavyosema kwa makadirio. Baadaye ndipo likawa sifa ya kumbandika mtu: mwanafunzi "average", gari "average".

Kwa hiyo yale ni matabaka mawili. Moja lilishuka kutoka kwa watazama nyota, jingine lilipanda kutoka gatini, yakakutana kwenye kitabu chako.

---

Ticha wa Namba:

Na *wastani* je?

---

Mwana wa Ngalawa:

Kiarabu pia mwalimu, *wasat*, katikati. Sisi tulichukua la watazama nyota.